Mama kapiga PET ya pili, ile picha ya kusaka saratani mwilini, namba imeshuka sana. Bado aendelee na vidonge?

Kitindamimba: Wakuu, salaam. Mama ana saratani ya mapafu hatua ya nne, ile yenye badiliko la jeni ya EGFR, dawa yake ni kidonge kimoja kila siku. Machi tulimpeleka Nairobi akapiga PET, uvimbe wa pafu la kulia ukasoma SUV 11.2, yaani namba ya jinsi unavyowaka kwenye picha. Agosti tumerudi, 3.9! Daktari anang'ang'ania vidonge viendelee, na picha anaitaka tena. Naona tunakamuliwa tu. Nawasilisha.

Mzee wa Kahawa: Hospitali biashara siku hizi. Shemeji yangu kifua kiliwaka chote kwenye hiyo PET, tukaanza kutafuta mteja wa shamba, kumbe TB. Yupo, anakula ndizi.

Bi Mkubwa Tanga: Mwanangu, mama hana spea. Pesa hutafutwa.

Nesi Mstaafu: Mkuu, kile wanachochoma ni sukari iliyobandikwa florini-18 yenye mionzi. Seli za saratani huifakamia, ndiyo maana zinawaka. Sasa niambie, Agosti alikaa njaa saa ngapi? Ripoti inasemaje kuhusu misuli?

Kitindamimba: Alifunga kama kawaida.

Nesi Mstaafu: Nimeuliza saa ngapi. Na vidonge anameza?

Kitindamimba: Haya. Tulisafiri usiku, kufika Namanga anatetemeka kwa njaa na baridi. Alipata chai kidogo. Misuli wameandika imewaka sana. Vidonge tumesimamisha wiki mbili sasa, ila msinishambulie, namba si imeshuka? Na ada ya mdogo wangu inasubiri.

Nesi Mstaafu: Mtu akila, insulini inapanda, ile sukari inakimbilia kwenye misuli na moyo, uvimbe unaambulia kidogo. Namba inaweza kushuka na uvimbe uko palepale. Huenda dawa imefanya kazi kweli, lakini picha hiyo si shahidi. Tena ubongo wenyewe hula sukari, huwaka siku zote, vinundu vya huko hujificha humo. Mpigie daktari leo, umwambie ya chai na ya vidonge.

Kifaurongo: Wakuu, hii chai. Mwezi wa sita huyu jamaa alifungua uzi wa kumzika mama yake. Leo mama yuko Namanga!

Dalali Sakina: Chai ya Namanga hahahaa. Ina tangawizi?

Mzee wa Kahawa: Mimi nilituma rambirambi ya elfu kumi. Irudi.

Kitindamimba: Niliyemzika ndiye aliyenizaa. Huyu ni mama mdogo, kanilea tangu darasa la pili. Na chai haikuwa kidogo. Kikombe cha maziwa, sukari vijiko vitatu, maandazi mawili. Yeye alikataa, alikumbuka alivyoambiwa. Nilimlazimisha mimi.

Nesi Mstaafu: Daktari wenu anapokea simu mpaka saa ngapi?