Acheni kulipua kazi: grafu zenu za RRDtool zinawadanganya wateja

Wakuu,

Uzi huu unawahusu mafundi wa mitandao mnaofunga mfumo wa ufuatiliaji kwenye ofisi za watu kwa kunakili skripti ya RRDtool (programu ya kuhifadhi vipimo na kuchora grafu), mnabadilisha anwani ya ruta, mnachukua hela na kutokomea. Mteja anakuja kugombana na mtoa huduma wake wa intaneti akiwa ameshika grafu ya uongo. Halafu lawama zote anatupiwa RRDtool, programu aliyoitoa Tobias Oetiker mwaka 1999 na ambayo mpaka leo inafanya kile tu inachoambiwa.

Mstari huu wa kutambulisha chanzo cha data (DS) nimeuchoka, umejaa kila faili:

DS:in:COUNTER:600:U:U

Hizo U mbili zina maana kwamba hakuna kikomo cha chini wala cha juu. Umeme ukikatika, ruta ikiwaka upya kaunta yake (hesabu ya baiti zilizopita) inaanza sifuri. COUNTER, aina ya data inayotegemea namba ipande tu, haijui habari za umeme. Ikiona namba imeshuka inadhani kaunta imejaa ikazunguka, kwa hiyo inaongeza 2 kwa kipeo cha 32. Ikiwa jibu bado ni hasi, inafidia mpaka 2 kwa kipeo cha 64. Kaunta ya biti 64 inayosomwa kila sekunde 300 itakupa petabiti 490 na ushee kwa sekunde, kwenye poti ya gigabiti 1! Mnara mmoja unagusa dari, data yote iliyobaki inalala sakafuni kama uzi.

Na mnafanyaje? Mnaweka --upper-limit na --rigid kwenye amri ya kuchora, ili grafu isipande kupita kikomo. Funika kombe mwanaharamu apite. Mnara hauonekani tena, lakini bado umo kwenye faili, na wastani wa wiki, wa mwezi na jumla ya matumizi vyote vimeharibika.

Kinachotakiwa ni kurekebisha faili lenyewe. Simamisha kwanza skripti inayokusanya data, kisha:

rrdtool tune trafiki.rrd --data-source-type in:DERIVE --minimum in:0 --maximum in:125000000
rrdtool dump trafiki.rrd > trafiki.xml
rrdtool restore -r trafiki.xml mpya.rrd

DERIVE (aina inayopima badiliko bila kudhani kaunta imezunguka) yenye kikomo cha chini 0 ikikuta namba imeshuka inaandika "haijulikani", unapata pengo dogo kwenye grafu na maisha yanaendelea. Ile 125000000 ni gigabiti 1 kwa baiti. Alama ya -r kwenye restore ndiyo inayofuta kila thamani iliyovuka mipaka. Ukiisahau umefanya kazi bure, kwa sababu tune peke yake haigusi data ya zamani. Ila angalieni: mnara uliotokana na kaunta ya biti 32 haufiki hata baiti milioni 15 kwa sekunde, kwa hiyo utapita chini ya kikomo hicho. Mteja analipia megabiti 20? Kikomo chake ni 2500000, basi.

Tukiwa hapo hapo kwenye biti 32: kuna watu bado wanasoma ifInOctets (kaunta ya biti 32 ya baiti zinazoingia) kwenye poti ya gigabiti. Poti ikijaa, kaunta hiyo inazunguka kila baada ya sekunde 34 hivi, ninyi mnaisoma kila dakika 5. Namba inayotoka haina uhusiano wowote na kilichopita kwenye waya. Someni ifHCInOctets (ile ya biti 64), na mtumie SNMP (itifaki ya kusoma vifaa vya mtandao) toleo la 2c au la 3, maana toleo la 1 haliijui kabisa kaunta ya biti 64.

Sasa hasira yangu kubwa: wastani. Skripti nyingi zinaweka RRA (hifadhi za data ndani ya faili) za AVERAGE, yaani wastani, peke yake, ya kwanza ikiwa na mistari 600. Mistari 600 ya dakika 5 ni saa 50 tu! Baada ya hapo kilichobaki ni wastani wa nusu saa, kisha wa saa 2, kisha wa siku. Chukua laini ya megabiti 100 iliyojaa pomoni kwa dakika 15, na siku nzima iliyobaki ikatembea kwenye megabiti 10. Wastani wa siku hiyo hata megabiti 11 haufiki. Mteja analia kwamba intaneti inakwama saa nne asubuhi, fundi anafungua grafu ya mwaka na kumwambia "mbona laini yako haitumiki hata robo". Bila RRA ya MAX (inayotunza vilele) ushahidi umeshafutika, na hakuna amri ya kuurudisha.

Wanaotoza au kukagua ankara kwa asilimia 95 (kiwango kinachobaki baada ya kuondoa asilimia 5 za juu za vipimo) ndio hatari zaidi. Mnaandika VDEF (hesabu inayofanywa ndani ya grafu) yenye 95,PERCENT, mnaona namba nzuri chini ya grafu, mnaituma kwa mhasibu. Grafu ya kawaida ina upana wa pikseli 400. Siku 30 zikigawanywa kwa 400, kila pikseli inabeba sekunde 6,480, na data inafinywa kwanza kwa kipimo hicho ndipo asilimia ihesabiwe. Yaani hata kama dakika 5 zote zimo kwenye faili, hesabu haikuzitumia. Toeni data kwa rrdtool fetch yenye -r 300, pangeni namba kwa ukubwa, ondoeni asilimia 5 za juu (kwa siku 30 ni sampuli 432 kati ya 8,640), inayofuata ndiyo jibu.

Faili la maana linaanza hivi:

rrdtool create trafiki.rrd --no-overwrite --step 300 \
DS:in:DERIVE:600:0:125000000 \
DS:out:DERIVE:600:0:125000000 \
RRA:AVERAGE:0.5:1:25920 \
RRA:AVERAGE:0.5:12:17520 \
RRA:MAX:0.5:12:17520

Hapo una siku 90 za dakika 5, na miaka 2 ya wastani na vilele vya kila saa. Ukubwa haufiki megabaiti 1 na hautaongezeka kamwe, kwa hiyo msinipe kisingizio cha diski. Na --no-overwrite si pambo: bila hiyo, skripti ikirudiwa, create inafuta faili la zamani bila kuuliza.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kwa nini umeingiza 1 kwenye GAUGE (aina inayohifadhi thamani kama ilivyo) ikatoka 0.83, hiyo si hitilafu. RRDtool inasawazisha kila thamani iendane na mwanzo na mwisho wa kila hatua (hapa sekunde 300). Cron (ratiba inayoendesha skripti) ikichelewa sekunde chache, thamani mbili zinachanganywa. Ukitaka namba kamili, usitume N (yaani "sasa hivi"). Tuma muda unaogawanyika kwa 300, mfano 1700000100:1.

Na wewe uliyehamisha mafaili kutoka mfumo wa biti 32 kwenda wa 64 yakagoma kufunguka: RRD hainakiliwi hivyo. Fanya dump kwenye mashine ya zamani, restore kwenye mpya.

Wateja mnaosoma, kabla ya kulipa mwambieni fundi aandike hii mbele yenu:

rrdtool info trafiki.rrd | grep -E 'type|max|cf|rows'

Mkiona max ni NaN (hakuna kikomo cha juu), au cf (namna data inavyofupishwa) zote ni AVERAGE, hela ibaki mfukoni.