Kwa nini baadhi ya watoto njiti wapewe plasebo katika jaribio la dawa ya mapafu?

Swali kutoka kwa MamaWaWiki26

Habari zenu, ndugu zangu. Mwanangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 26, na bado anapumua kwa msaada wa mashine. Madaktari wamenieleza kwamba yuko katika hatari ya kupata ugonjwa sugu wa mapafu, na wameniomba ridhaa aingie katika jaribio la dawa ya jamii ya steroidi, ambamo nusu ya watoto watapewa dawa na nusu plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani yake, bila madaktari wenyewe kujua nani kapata ipi. Ikiwa inajulikana kwamba steroidi hupunguza uvimbe wa mapafu, kwa nini mtoto yeyote anyimwe? Nami nitajuaje kwamba wanachokipima ndicho kinachomfaa mwanangu?

Jibu kutoka kwa DaktariWaWachanga

Pole sana, mama, na Mungu amjalie mtoto nguvu. Swali lako lina historia ndefu, na sehemu yake inaumiza.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967, na tangu hapo imefahamika kwamba mapafu machanga huumizwa na oksijeni nyingi, msukumo wa mashine na maambukizi, hata vifuko vya hewa vikashindwa kukua inavyopaswa. Kwa kuwa uvimbe umo ndani ya madhara hayo yote, ilionekana jambo la akili kutumia steroidi iitwayo deksamethasoni, na katika miaka ya 1990 watoto wengi sana walipewa dawa hiyo, mara nyingi kwa dozi kubwa na katika siku zao za mwanzo. Matokeo ya haraka yalifurahisha, kwani watoto waliondolewa kwenye mashine mapema zaidi. Lakini wale walioshirikishwa katika majaribio walipofuatiliwa hadi umri wa kutembea na kusema, ilibainika kwamba waliopewa dawa hiyo mapema walipata mtindio wa ubongo kwa wingi zaidi kuliko waliopewa plasebo. Mwaka 2002 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja la kupinga matumizi yake ya kawaida. Nakuomba uone kwamba bila kundi la plasebo madhara hayo yangehesabiwa kuwa ni matokeo ya unjiti tu, na tungeendelea kuwaumiza watoto huku tukiamini tunawaokoa.

Hofu iliyofuata nayo ilikuwa na gharama yake. Jaribio la dozi ndogo ya deksamethasoni, lililochapishwa mwaka 2006, lilikusudia kuandikisha watoto 814 likaishia na 70. Dawa iliwasaidia watoto kutoka kwenye mashine, lakini idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kutuambia lolote la uhakika kuhusu ubongo. Kwa hiyo hatusemi kwamba steroidi zote ni mbaya, maana kwa mtoto ambaye hatari yake ya ugonjwa ni kubwa mno, faida yaweza kuzidi madhara. Ni dawa gani, kwa dozi gani na siku ya ngapi, hayo ndiyo bado yanatafutwa.

Jibu kutoka kwa MtakwimuWaTiba

Naongeza kuhusu kinachopimwa, kwa sababu hapo ndipo wasomaji wengi hupotoka. Kwa kawaida mtoto huangaliwa anapofikisha wiki 36, ukijumlisha umri wa mimba na muda alioishi nje ya tumbo, kama bado anahitaji oksijeni au msaada mwingine wa kupumua. Mtoto aliyefariki kabla ya hapo hawezi kuhesabiwa kuwa amepona mapafu, na ndiyo maana kifo na ugonjwa huunganishwa kuwa tokeo moja. Muunganisho huo nao huficha mambo. Jaribio la budesonaidi, steroidi ya kuvuta, lililochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha watoto 863, lilionyesha ugonjwa ukipungua kutoka asilimia 38 hadi 27.8, lakini walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 2, waliofariki katika kundi la dawa walikuwa asilimia 19.9, na katika kundi la plasebo asilimia 14.5.

Majaribio madogo nayo hutia matumaini kupita kiasi. Budesonaidi iliyochanganywa na sufaktanti, dawa inayosaidia vifuko vya hewa visijifunge, ilionekana mwaka 2016, kwa watoto 265, kupunguza kifo au ugonjwa kutoka asilimia 66 hadi 42. Jaribio la watoto 1,060 lililochapishwa mwaka 2024 halikuthibitisha faida hiyo: walioishi bila ugonjwa walikuwa asilimia 25.6 kwa dawa na 22.6 bila dawa, tofauti ambayo yaweza kuwa ya bahati tu.

Kafeini, ambayo si steroidi, ndiyo mfano ninaoupenda wa jaribio kubwa lililowafuatilia watoto hadi baadaye. Ilijaribiwa kwa watoto 2,006 kwa ajili ya tatizo la kusita kupumua, nayo ikapunguza ugonjwa wa mapafu kutoka takriban asilimia 47 hadi 36. Na katika umri wa miezi 18 hadi 21, waliopewa kafeini walikuwa na vifo au ulemavu wa ukuaji kwa kiwango kidogo zaidi.

MamaWaWiki26

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Je, hali yake ikizidi kuwa mbaya katikati ya jaribio, nitakuwa nimemfunga mikono?

DaktariWaWachanga

Hapana, mama. Unaweza kuondoa ridhaa siku yoyote, wala huduma yake haipaswi kupungua kwa sababu hiyo. Waulize kama daktari anaruhusiwa kumpa steroidi nje ya jaribio akizidiwa, na kama ipo kamati huru inayopitia matokeo jaribio likiendelea, yenye uwezo wa kulisimamisha. Zaidi ya yote, uliza mtoto atafuatiliwa hadi umri gani. Fomu ya ridhaa inapaswa kuutaja umri huo. Usipouona, omba uandikwe kabla hujatia sahihi.