Mrejesho: lile swali la kupima kuridhika na mwili
Wakuu nimerudi. Niliuliza mbona kwenye utafiti wangu wa chuo wavulana wanaonekana wameridhika kabisa na miili yao, wastani karibu sifuri. Nilitumia ile michoro 9 ya miili ya mtafiti Stunkard ya 1983 (namba 1 mwembamba kabisa, 9 mnene kabisa), mtu anachagua mwili alionao na anaoutaka, unatoa tofauti. Aliyeniambia nicheki alama za kutoa (-) kwenye majibu alipatia aisee, jamaa mmoja yuko 3 anataka 5, mwingine 6 anataka 4, ukijumlisha wanafutana, kumbe wote wana ugomvi na kioo! Wadada wengi walitaka kupungua tu ndo maana kwao haikujificha. Nimepiga hesabu upya, wanaotaka kuongezeka nimewaweka kundi lao, wanaotaka kupungua kundi lao. Supavaiza kapitisha, ila anasema michoro haioneshi misuli, na kweli watu wa jimu walinilalamikia hilohilo.