Wikendi mtoni: kayaki na kulala kwenye hema, tuanzie wapi?

mtembezi_tu: Wakuu habari zenu, tuko wanne tunataka kutoka wikendi twende kwenye mto mmoja bado ni wa porini kabisa, hakuna majumba kandokando, mchana tupige kayaki (vile viboti vyembamba vya kupiga kasia) usiku tulale kwenye mahema. Kuogelea tunajua wote ila wawili hawajawahi kushika kasia. Kwa ugumu wa maji, sehemu ya juu nasikia ni gredi ya 3, ya chini gredi 1 na 2, sasa picha za huko juu ndo zinavutia balaa. Tujilipue? Na hema mnapigaga wapi, kwenye ule mchanga pembeni ya maji?

kasia_moja: Anzeni chini mkuu. Gredi zinaenda 1 mpaka 6, na hiyo 3 usiione ndogo, mawimbi yake yanapindua kayaki ya mgeni bila shida. Halafu gredi haijakaa palepale, mvua ikipiga milimani leo nyie mko kwenye jua, kesho mto si ule mliosomea. Mtu akitumbukia alale chali miguu itangulie yanakoenda maji, asijaribu kusimama kwenye mkondo hata kama maji ni ya magotini, mguu ukinasa kwenye mawe maji yanamlaza kifudifudi na hainuki tena.

Bi Mkondo: Nyongeza hapo, wengi wanaogopa mawe, mimi naogopa mti ulioangukia mtoni. Ni kama chujio la chai, maji yanapita kwenye matawi wewe unabaki umebanwa. Kwenye kona msisogelee upande wa nje, mkondo unasukumia huko na miti mingi inaangukia huko huko. Na laifu jaketi ifungwe vifungo vyote jamani, sio kuivaa kama koti la harusi

mtembezi_tu: Asanteni sana. Kuna mwenzetu mmoja kang'ang'ania juu, anasema Zambezi watalii wanapita gredi ya 5 na hawajui kitu

kasia_moja: Wanapita kwenye rafti, lile boti la mpira la watu wengi, na mwongozaji anayeujua ule mto, sio kila mtu na kayaki yake. Huko juu nendeni kwa miguu mkapige picha.

mzee wa hema: Kuhusu mchanga, kabla hujashusha mzigo tazama vichaka vya ukingoni, ukiona majani makavu na vijiti vimenasa usawa wa kifua ujue mto ulishafika hapo, hema liende juu ya hiyo alama. Maji ya kunywa yachemke kabisa dakika 1, mkiwa juu ya mita 2,000 ziwe 3. Choo mita 60 toka mtoni, chimba na ufukie. Halafu gari moja liachwe mapema mtakaposhukia maana kurudi kupiga kasia kinyume na mkondo hamtaweza, na funguo zake msizisahau kwenye gari la mnakoanzia, mtalala huko

mtembezi_tu: Hahaha funguo navaa shingoni. Tunaenda chini basi