Kiazi kiko chini ya udongo lakini si mzizi? Naomba ufafanuzi wa sehemu za mmea

Chipukizi

Wakuu, habari zenu. Naandaa chati ya sehemu za mmea kwa wanafunzi wa msingi. Chati zote zina mchoro uleule: mizizi chini, shina katikati, majani, maua na matunda juu. Ukiuacha mchoro ukaenda kwenye mimea yenyewe, mambo yanavurugika. Kiazi mviringo eti ni shina, kiazi kitamu ni mzizi, kitunguu ni majani, na mgomba hauna shina! Maswali yangu:

1. Nitatofautishaje shina na mzizi bila kuangalia kama kiko juu au chini ya ardhi?
2. Kama kazi ya mzizi ni kunyonya maji, mbona mmea uliotuamiwa na maji hunyauka?
3. Jaribio la wanga kwenye jani: iodini imebaki kahawia, haikugeuka. Jani lililotumika ni la kitunguu. Kosa liko wapi?

Pingili

Swali la 1: tafuta vifundo. Shina, popote lilipo, lina vifundo, na kwenye kila kifundo kuna jani, au kovu la jani, au gamba dogo lililobaki mahali pa jani. Juu ya hapo, kwapani, hukaa jicho, yaani mahali chipukizi linapoanzia. Mzizi hauna vifundo wala majani. Ncha yake imevikwa kofia ya seli zinazochubuka na kujazwa upya kadiri unavyopenya udongo.

Sasa shika kiazi mviringo mkononi. Macho yake hayakutawanyika ovyo: yanapanda kwa kuzunguka, yakisongamana upande mmoja, ambao ndio ncha ya shina. Kila jicho lina ukingo mfano wa nyusi. Hilo ni kovu la jani. Upande wa pili kuna kovu la kitawi cha chini ya ardhi kilichokiunganisha na mmea mama. Tangawizi nayo ina pete zinazoizunguka, na hizo ni vifundo vyake. Karoti na muhogo huvioni kabisa.

Tofauti hii ina faida shambani. Muhogo hupandwa kwa kipande cha shina cha sm 20 hadi 30 chenye vifundo 5 hadi 7, kwa sababu ukiufukia muhogo wenyewe utaoza tu. Muwa vilevile: kipande kisicho na jicho hakina cha kuchipusha, hata kiwe kinene namna gani.

Kitunguu kikate katikati kwa urefu. Kile kisahani kigumu cha chini, ambacho wengi hukitupa pamoja na mizizi, ndicho shina lenyewe. Matabaka manene juu yake ni vitako vya majani vilivyojaa akiba ya maji na sukari. Mgomba unafanana nacho kwa hilo: kinachoonekana kama gogo ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Shina la kweli liko chini ya ardhi, na wakati wa kuzaa ndipo hupanda katikati ya maganda hayo na kutokeza mkungu juu. Kwa hiyo usemi kwamba mgomba hauna shina si sahihi. Unalo, ila limejificha.

Kofia_ya_Mzizi

Mkuu Pingili amesema vema, ila mtu asije akachukulia kwamba kila kinachochipua ni shina. Kiazi kitamu ni mzizi na bado kinachipua, hasa upande uliokuwa karibu na shina. Machipukizi yake hutokea popote yanapopata nafasi, bila mpangilio na bila kovu la jani. Kwa hiyo kinachotazamwa ni mpangilio, kuchipua peke yake hakutoshi.

Swali la 2. Mzizi unapumua. Kunyonya madini kunahitaji nguvu, na nguvu hiyo hutokana na sukari inayotumiwa pamoja na oksijeni. Udongo mzuri una vinafasi vyenye hewa. Maji yakituama vinafasi hivyo hujaa, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Mizizi ikikosa pumzi hupitisha maji kidogo, kisha huanza kufa, na majani juu yanakauka kwa kiu huku chini kuna tope. Mtu akiona mmea umelala anaongeza maji. Hapo ndipo anapoumaliza.

Kabla ya kumwagilia, chimba kidole sm 5. Kama kuna unyevu, acha. Ukiwa na shaka chomoa mche mmoja: mizizi mizima ni myeupe na migumu kiasi, iliyooza ni ya kahawia, laini, ganda lake linavuka ukiivuta, na ina harufu mbaya. Mpunga unahimili maji kwa sababu una mifereji ya hewa inayoshuka kutoka majani hadi mizizini, kwa hiyo usiutumie kama mfano wa mimea mingine.

Kwenye chati yako chora pia vinyweleo vya mizizi, kwani hivyo ndivyo vinavyonyonya sehemu kubwa ya maji. Kila kinyweleo ni seli moja iliyorefuka, na vinaota ukanda mfupi tu, milimita chache nyuma ya ncha. Mzizi mnene wa zamani kazi yake kubwa ni kushikilia na kupitisha. Ndiyo maana mche ukihamishwa bila bonge la udongo hulala hata ukiumwagilia: mizizi ipo, vinyweleo vimekatika. Hamisha jioni, udongo ukiwa na unyevu, kisha kivuli siku 3 au 4 mpaka vingine viote.

Na mbolea ya chumvichumvi usiirundike shinani. Udongo ukiwa na chumvi nyingi kuliko seli za mzizi, maji hutoka mzizini kwenda udongoni. Kwa nje utaona kingo za majani zimeungua.

Chipukizi

Shukrani sana wakuu. Shina lenyewe niliandikie nini zaidi ya "kusimamisha mmea"?

Pingili

Andika njia mbili. Zailemu hupandisha maji na madini kutoka mizizini. Floemu husambaza sukari kutoka majani kwenda kila inakohitajika, iwe mizizini, kwenye tunda au kwenye ncha changa. Katika mti, zailemu ndiyo mbao, na floemu iko upande wa ndani wa gome. Kati yake kuna utando mwembamba wa kambiamu unaozalisha zote mbili na kuunenepesha mti.

Ukibandua gome pete nzima kuzunguka shina, majani yatabaki mabichi kwa wiki au hata miezi, maana maji bado yanapanda. Juu ya pete kunavimba, sukari imekwama. Mti hufa baadaye, mizizi ikishamaliza akiba yake. Kwa hiyo mbuzi aliyeguguna gome nusu ya mzunguko ameumiza mti. Aliyezungusha pete ameuua. Waya wa kufungia mche ukisahauliwa nao hufanya vivyo hivyo shina linaponenepa.

Kuwaonyesha wanafunzi, chukua ua jeupe lenye kikonyo, likate chini ukiwa umelizamisha ndani ya maji ili hewa isiingie kwenye mirija, kisha litie kwenye maji yenye rangi ya chakula, rangi iwe nzito. Baada ya saa kadhaa petali huanza kupata mistari ya rangi. Lisipobadilika, mara nyingi ni viputo vya hewa mirijani, au chumba hakina upepo wala mwanga. Maji hupanda kwa sababu majani yanayapoteza hewani; jani lisipotoa mvuke, hakuna kinachovuta.

Klorofili

Swali la 3 halijaguswa. Jani la kitunguu ndilo kosa lenyewe. Huhifadhi chakula chake kama sukari badala ya wanga, na iodini hugeuka buluu nyeusi kwa wanga tu. Tumia jani la maharage au jingine pana na jembamba. Hatua:

Weka mmea gizani siku 2 ili wanga uliomo utumike. Funika kipande cha jani moja kwa foili pande zote mbili, kisha uweke juani saa 4 hadi 6. Chuma, tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika 1. Zima moto kabisa, halafu weka jani kwenye kijaribio (neli ya kioo) chenye spiriti, na kijaribio ukisimamishe ndani ya maji hayo ya moto. Spiriti huchemka nyuzi 78 na mvuke wake unashika moto haraka, kwa hiyo usiipashe motoni moja kwa moja. Jani likishakuwa jeupe litakuwa limekauka kama karatasi. Lirudishe kwenye maji ya uvuguvugu lilainike, litandaze, kisha dondoshea iodini. Penye mwanga pataiva buluu nyeusi, palipofunikwa pabaki kahawia. Rangi ikikosekana kote, aghalabu jani limechumwa alfajiri au kijani hakikutolewa chote.

Ombi moja: kwenye chati usiandike "mizizi hufyonza chakula". Chakula hutengenezwa kwenye jani, kwa hewa ukaa inayoingia kupitia stomata (vitundu vidogo vya jani), maji kutoka chini na nguvu ya mwanga. Mwanasayansi Jan Baptist van Helmont aliotesha mche wa mwerebi kwenye chombo kwa miaka 5, matokeo yakachapishwa 1648: mti ulitoka kilo 2 hivi ukafika kilo 77 hivi, na udongo ulipungua gramu zisizofika 60. Alidhani uzito wote umetokana na maji. Hewa hakuifikiria.

Kofia_ya_Mzizi

Maua na matunda nayo, kwa kifupi: ovari ya ua (kifuko kilicho katikati yake) ndiyo inayokuwa tunda, ovuli (vijiyai) ndani yake zinakuwa mbegu. Kwa hiyo nyanya, bamia, tango na pilipili kwenye chati yako ni matunda, hata kama jikoni ni mboga.

Mfano mzuri wa uchavushaji ni hindi. Mbelewele juu ni maua dume, na kila uzi mmoja wa ndevu umeunganishwa na ovuli moja. Uzi usiopata chavua hauzai punje. Gunzi lenye mapengo limekosa chavua, ama kwa jua kali na ukame wakati wa kutoa ndevu, ama kwa kupanda mstari mmoja mrefu ambao upepo unaukosa. Panda mistari mifupi 4 au zaidi sambamba. Na usikate mbelewele kabla ndevu hazijakauka.