Harrier yenye taa za Dubai, dimu inapiga kulia: nishushe, nibandike, nifungue au ninunue nyingine?

Mtoto wa Mabatini:
Wakuu, habari za jioni. Nina Harrier ya 2005. Mwezi uliopita bodaboda alinivunjia taa ya kulia pale Buzuruga, Mwanza. Nikatafuta ya Kijapani, nikakosa. Duka moja mjini wakanipa pea nzima iliyotoka Dubai, eti "ni zilezile tu bosi". Zimekaa kwenye bampa vizuri kabisa. Kumbe ni za Lexus RX, ambayo ndiyo Harrier iliyouzwa nje ya Japani, na hizi ni za nchi zenye usukani wa kushoto.

Tangu hapo nikitoka Usagara usiku, kila ninayepishana naye ananipiga fulu, yaani ananimulika kwa taa kali. Nikawasha dimu, yaani taa ya chini, nikaegesha mbele ya ukuta nione. Kushoto mstari wa mwanga umelala, kulia unapanda kama kilima, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Kwetu tunaopita kushoto mwa barabara ulitakiwa upandie kushoto, kwa mtembea kwa miguu na vibao vya barabarani. Aliyewahi kukutana na hili alifanyaje?

Dereva wa Sengerema:
Bisibisi tu mkuu. Nyuma ya taa kuna skrubu ya kushusha. Dakika tano umemaliza.

Fundi Taa Igoma:
Hapo umeamua kuendesha gizani. Dimu inashuka kama sentimita 10 kwa kila mita 10. Taa ikiwa sentimita 70 kutoka chini, mwanga unagusa lami mita 70 mbele. Ukishusha mara mbili ya hapo, umebaki na mita 35. Kwa mwendo wa 80 unakula mita 22 kila sekunde. Ng'ombe wa Kisesa akivuka mita 40 mbele yako utamwona akiwa kwenye boneti. Na kile kilima cha kulia bado kipo, umekishusha tu kidogo.

Binti wa Kirumba:
Mimi nilitumia stika. Mzee ana Mercedes ya zamani ya usukani wa kushoto, kioo cha taa ni cha kioo kweli, chenye michirizi. Tulisimama mbele ya ukuta, mdogo wangu akawa anafunika kioo kwa kipande cha boksi mpaka kile kilima kikapotea, kisha tukabandika selotepu nyeusi hapohapo. Imekaa mwaka wa pili na hakuna anayelalamika.

Mtoto wa Mabatini:
Dada, taa yangu ina lile jicho la duara ndani. Nayo inakubali?

Fundi Taa Igoma:
Haikubali vizuri. Kwenye taa yenye michirizi, kila sehemu ya kioo ina kazi yake, ndiyo maana stika inafaa. Kwenye projekta, yaani hilo jicho lako, umbo la mwanga linakatwa na kipande cha bati kilicho ndani, kati ya balbu na lenzi. Sisi tunakiita pazia. Ukibandika stika mbele unapunguza mwanga wote, kilima kinabaki palepale. Halafu kioo chako ni cha plastiki. Nimeshaona selotepu imeyeyukia juu yake, kuitoa ni kwa msasa.

Na atakayekuja kukushauri uweke balbu za LED, mkimbie. Balbu haibadilishi pazia, kilima utakuwa nacho kilekile ila kinawaka zaidi.

Msafiri wa Rusumo:
Mimi nakwenda Kigali mara kwa mara. Ukivuka mpaka unahamia kulia, kwa hiyo taa zetu ndizo zinageuka kuwa kero kwa wenzetu. Fundi alinisawazishia pazia, mstari ukawa bapa kote. Hakuna anayeumia macho upande wowote. Ninachokosa ni vibao vya pembeni, navisoma nikiwa nimeshavikaribia mno.

Fundi Taa Igoma:
Kwako inafaa. Kwa anayeishia Mwanza ni kujinyima bure. Mtoto wa Mabatini, zile taa za zamani ulizitupa?

Mtoto wa Mabatini:
Ziko stoo. Ya kushoto nzima kabisa. Ya kulia imepasuka kioo na sikio moja la kufungia limekatika.

Fundi Taa Igoma:
Sasa pea ya Japani unaitafutia nini, na bei yake ukiuliza unatajiwa kama unanunua ng'ombe? Ya kushoto irudishe ilivyo. Ya kulia ifungue, toa projekta yake, ingiza kwenye ganda la Dubai kama matundu ya skrubu yanalingana. Gundi ya taa hulainika kwa joto, pasha taratibu pembeni kote ndipo uvute. Usilazimishe, utapasua kioo cha pili. Lenzi usiiguse kwa vidole. Kazi kubwa ni kufunga: safisha mfereji, weka gundi mpya ya taa, si silikoni ya madirisha. Kwa unyevu wa ziwa letu, ukiacha tundu moja tu asubuhi utakuta ukungu ndani.

Binti wa Kirumba:
Na siku nyingine ukinunua taa, soma maandishi kwenye kioo. Yenye alama ya E ikiwa na mshale mmoja, ni ya wanaopita kushoto mwa barabara kama sisi. Isiyo na mshale ni ya wanaopita kulia. Ukiona DOT, hiyo ni ya Marekani, iache dukani.

Mtoto wa Mabatini:
Mrejesho wakuu. Matundu yamelingana, tumemaliza jana saa tatu usiku. Ndani ya ile iliyopasuka tulikuta wadudu wa ziwani wamekauka kama kiganja kizima. Tumejaza upepo kwenye matairi, nikakaa kwenye siti, gari mita 10 kutoka ukutani: mstari umelala kulia na unapanda kushoto, taa zote mbili. Nikaimwagia maji, leo asubuhi kioo kikavu.

Usiku huu nimevuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda na kurudi. Aliyenipiga fulu ni mmoja tu, na mbele kidogo nikawakuta trafiki.