Re: Kushusha saspensheni ya nyuma ya pikipiki ya theluji, nani ameshaifanya nyumbani?

Kutoka: Mdogo wenu wa Gungu, sasa Yellowknife

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu.

Nina pikipiki ya theluji niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ziwa la huku Kanada, Great Slave, likishaganda ndiyo usafiri wangu wa kuvuka ghuba kwenda Dettah kazini. Msimu uliopita sehemu ya nyuma ilianza kulia kama kitanda cha kamba, na nikipita kwenye tuta inagonga. Gereji moja ya hapa imesema ni bushi, zile pete zinazokaa kati ya shafti na tundu lake, lazima saspensheni yote ya nyuma itoke, na bei waliyonitajia inakaribia kodi yangu ya nyumba ya mwezi. Sasa ni Septemba, theluji bado. Spana ninazo, na nina banda lenye taa. Mtu asiye fundi anaweza? Kaka uliyerudi Kigoma, nakumbuka uliwahi kusema yako ulikuwa unaishughulikia mwenyewe.

* * *

Kutoka: Kaka, Kibirizi, Kigoma

Marahaba mdogo wangu. Mwakeye mwese.

Unaweza, na uifanye sasa, usingoje ziwa ligande. Nakuandikia nikiwa hapa ufukweni ninakotengeneza injini za mitumbwi. Ukungu wa kiangazi umeficha milima ya Kongo, joto limepanda, lakini kazi hiyo mikono yangu haijaisahau.

Nianze na kwa nini. Bushi ikikauka, chuma kinasaga chuma, shafti inalika, tundu linapanuka, na mkono wa saspensheni unaweza kuvunjika njiani. Mimi ulinivunjikia kwenye barafu, kilomita sita kutoka nyumba ya karibu, baridi ikiwa nyuzi 35 chini ya sifuri. Nilitembea nikafika, lakini vidole viwili vya mguu wa kushoto mpaka leo havisikii vizuri. Nimelelewa na ziwa lenye kina cha mita 1,470 na sikuwahi kuliogopa kama nilivyoliogopa hilo Great Slave lenye mita 614. Kwa hiyo usidhani unarekebisha kelele tu.

Ukiinama nyuma utaona reli mbili za alumini ndani ya mkanda mpana wa mpira. Juu ya reli kuna mikono miwili, wa mbele na wa nyuma, kuna shokapu, na kwenye mashine nyingi kuna springi mbili nene za kujisokota, moja kila upande. Mashine nyingi zimeushika mzigo huo wote kwa bolti nne tu, mbili kulia na mbili kushoto, zinazopita kwenye bati la ubavuni.

Kabla hujagusa bolti, piga picha pande zote, weka alama kwa rangi, na kila bolti iingie kwenye mfuko wake ulioandikwa. Sisi tumekulia mji ambao meli ya Liemba iliunganishwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikajazwa kwenye masanduku, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka huku, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Kazi ile haiwezekani bila alama kwenye kila kipande.

Anza kwa kulegeza ekseli ya nyuma, kisha bolti za kuvutia mkanda, pande zote sawasawa. Hesabu mizunguko uandike. Mkanda ukishalegea, inua nyuma ya mashine kwa winchi au mkanda wa kufungia mizigo uliofungwa kwenye boriti imara, kiasi cha saspensheni kuning'inia bila kubeba uzito. Usiiache ikae juu ya jeki ya gari peke yake, inateleza.

Springi sasa. Rudisha kirekebishi chake kwenye alama ya ulaini wa mwisho, halafu chomeka bomba refu kwenye mguu mrefu wa springi na uunyanyue kutoka kwenye kishikio chake. Simama pembeni, uso mbali, vaa miwani. Springi hiyo ikiponyoka inavunja mkono wa mtu.

Wengi hukwama kwenye bolti. Mara nyingi ya kulia na ya kushoto zinaingia kwenye shafti moja yenye tundu. Ukiitoa ya kulia kabisa kisha ukaenda kushoto, shafti yote inazunguka na bolti haitoki. Legeza zote mbili robo mzunguko kwanza, ndipo utoe moja. Kama umeshachelewa, irudishe ya kulia, ikaze kwa nguvu, halafu jaribu tena kushoto. Bolti zenye kutu zinyunyizie mafuta ya kulegezea kutu jioni, uzifungue asubuhi. Moto usiutumie kabisa, tanki la petroli liko karibu.

Bolti zikitoka zote, mwite jirani. Petroli iwe kidogo, vifuniko vikazwe, betri ya maji itolewe, ndipo muilaze mashine ubavu juu ya kadibodi. Ikunje saspensheni ijibane, muivute nje ya mkanda mkiwa wawili.

Ikiwa mezani utaona mengi. Chomoa shafti, osha kwa mafuta ya taa, pitisha ukucha juu yake. Bushi zilizolegea toa, weka mpya. Kila gurudumu dogo lizungushe kwa kidole, likikwaruza badili beringi. Zile plastiki nyeusi za chini ya reli zina mstari wa kikomo; zikifika hapo, zimekwisha. Kumbuka kuwa plastiki hizo zinapozwa na theluji yenyewe. Ukikimbia muda mrefu kwenye barafu tupu zinapata moto mpaka zinayeyuka, na wewe unavuka ghuba iliyopigwa na upepo, kwa hiyo pita pembeni penye theluji.

Halafu grisi, na usiibanie. Liemba hiyohiyo, Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na injini zikafaa, mwaka 1927 ikarudi kazini. Tafuta nipo zote, vile vichuchu vya kuingizia grisi, nyingine zimejificha nyuma ya mkono wa mbele. Sukuma grisi mpaka ile chafu itoke na safi ionekane.

Kurudisha, tanguliza mkono wa mbele. Bana saspensheni kwa mkanda wa mizigo mpaka tundu zilingane. Bolti zote nne zishike uzi kwa mkono kabla hujakaza hata moja. Kipimo cha kukazia kichukue kwenye kitabu cha mashine yako, na gundi ya bolti uweke pale kitabu kinaposema. Usipime kwa kuhisi, alumini ile inakatika uzi upesi.

* * *

Kutoka: Dada, Kiruna, Uswidi

Kaka amemaliza, ila kuna mawili nayajua kwa macho yangu.

Mkanda ukishafungwa lazima upimwe. Unaning'iniza uzito katikati ya upande wa chini, unapima umeshuka kiasi gani kutoka kwenye reli. Uzito na kipimo viko kwenye kitabu. Ukibana mno unaua beringi na unakula nguvu ya injini, ukilegeza mno mkanda unaruka meno ya gia inayouzungusha. Kisha unauzungusha polepole nyuma ikiwa imeinuliwa, kuona kama unakaa katikati. Wakati huo, mdogo wangu, asisimame mtu nyuma, hata mtoto wa jirani. Jiwe lililonasa kwenye mpira linatoka kama la manati.

La pili ni ule ukanda mfupi wa mbele unaozuia mkono usishuke kupita kiasi. Ukiuona una nyufa, badili ukiwa tayari umefungua. Ni wa bei ndogo.

* * *

Kutoka: Mdogo wenu wa Gungu, sasa Yellowknife

Shikamoo kaka, shikamoo dada.

Imetoka. Jumamosi nzima na Jumapili nusu. Shafti ya nyuma ilizunguka kama ulivyosema, kwa kuwa nililegeza upande mmoja kabla sijasoma mpaka chini. Nikairudisha bolti, nikaikaza, ikakubali. Bushi za mkono wa nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa, na nipo mbili zilikuwa zimeziba kwa tope gumu, hazijaingia grisi sijui tangu lini. Ukanda wa mbele nimeagiza.

Ninalouliza ni shafti ya mkono wa mbele. Ina mfereji, ukucha unanasa. Bushi mpya zinaingia vizuri tu, na nikiitikisa haichezi. Niirudishe kwa msimu huu?

* * *

Kutoka: Kaka, Kibirizi, Kigoma

Hapana, badili. Ukucha ukinasa, mfereji huo utaikwangua bushi mpya na kabla ya Machi utakuwa ulipoanzia. Yangu ilivunjikia palepale, kwenye mfereji. Agiza leo, na ikifika nipigie picha yake kabla hujaifunga.